Mstari Mmoja wa Zabibu

Hombolo, Dodoma
6 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai umzima na goti halikusumbui sana. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi inatutesa. Masikio yako hayaipati tena sauti ya simu, ndiyo maana naandika.

Mama, zabibu zinaiva. Miaka yote hii nalima na shamba langu hujaliona. Njoo siku tatu tu. Panda boti Unguja, nitakupokea Dar, tupande treni ya umeme, jioni unywe chai kwangu. Tutavuna wiki ya pili ya Agosti.

Najua Mjomba Kificho atasema nini. Tangu asikie kuwa mnunuzi wangu ni kiwanda cha mvinyo, hajala hata andazi lililonunuliwa kwa pesa yangu. Sikufichi, ndiko zinakokwenda. Lakini wewe nataka uje uone, kisha uniambie neno lako. Nitalipokea, hata likiwa chungu.

Mwanao,
Khatib


Jambiani
15 Julai 2025

Mwanangu Khatib,

Marahaba, Mungu akuweke. Goti limetulia na mwani umestawi, tunashukuru. Ujumbe wako nimeusoma mpaka nimeukariri. Mimi zabibu nazijua za kwenye pilau tu, zimekunjamana kama vidole vyangu nikitoka baharini. Kuziona zikining'inia mtini, hilo nalitamani kwelikweli.

Ila wiki ya pili ya Agosti ni bamvua. Maji yatatoka mbali, na wanawake wote tutakuwa kwenye mwani, tunakata na kufunga. Nikiikosa bamvua nimekosa mavuno. Nitakuja wiki ya baadaye, maji yakiwa mafu, wakati hakuna kazi. Nanyi ngojeni kidogo. Mavuno gani yasiyongoja maji?

Mjomba wako nimemwambia. Kanijibu, "Nenda, lakini usinletee hata kokwa." Hata mimi moyo haujatulia juu ya huo mvinyo.

Mamako,
Mwanamwema


Hombolo
23 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti limepoa.

Barua yako imenichekesha, kisha ikanitia wasiwasi. Huku hakuna maji ya kutoka wala kurudi. Zabibu zikifikia utamu wake ni siku chache tu, baada ya hapo zinasinyaa na kiwanda hakizitaki. Lori nalo huja kwa zamu, likipita limepita. Tafadhali, bamvua hii moja kamba zako za mwani mwachie jirani yako Bi Salhiya.

Mwanao,
Khatib


Jambiani
29 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Bi Salhiya anauguza binti yake, siwezi kumtwisha na kamba zangu. Nimeshakata tiketi ya boti, tarehe kumi na sita. Nikikuta shamba tupu nitatazama majani.

Mamako


Jambiani
25 Agosti 2025

Mwanangu Khatib,

Nimefika salama, nawe natumai hujambo. Miguu imevimba lakini moyo ni mwepesi. Majirani nimeshawachosha kwa hadithi za ile treni, inavyokimbia na chai imetulia kikombeni.

Lakini shamba lako, mwanangu! Niliposhuka nikaona vigingi na waya vimekwenda mpaka chini ya vilima, na mimea imefungwa fundo kwa fundo, nilisema subhanallah, huu ni mwani uliopandwa hewani. Kazi yangu ile ile, ila bahari imeondolewa. Nililia, uliniona. Na mistari yote ilikuwa mitupu kwa ubishi wangu.

Kisha ukanishika mkono mpaka mwisho wa shamba, na mstari mmoja umejaa, mweusi. Ukanisogelea sikioni ukasema, "Huu wako, mama. Lori limekwenda bila ya huu."

Nilikata kwa mikono miwili, naogopa kuziumiza. Utamu ule sikuutegemea kutoka kwenye udongo mkavu vile. Ulikuwa unangoja neno langu juu ya mvinyo, nikaondoka sijalisema. Sikuwa nalo.

Zile tulizozianika juu ya chanja kama mwani, zigeuze kila asubuhi, na jioni zifunike zisipate umande. Zikikauka nitumie kabla ya maulidi yetu.

Mamako


Jambiani
22 Septemba 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya ipo, alhamdulillahi. Kifurushi kilifika, na maulidi yamekwisha salama. Zabibu zote nilizitia kwenye pilau.

Watu walipoondoka, mjomba wako alibaki na sinia lake. Nilikuwa nimekaa mkabala naye, naitazama midomo yake. Akaniuliza, "Zabibu hizi tamu, umezipata wapi?"

Nikamwambia, "Za shamba la Khatib. Nimezikata mwenyewe."

Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Akalitazama pilau, kisha akamega tonge jingine. Akala mpaka akamaliza.

Neno langu sasa ninalo, mwanangu. Mwakani usiniachie mstari mmoja. Niachie nusu ya shamba, tutengeneze chanja za kutosha kuanika zabibu. Nitakuja siku utakayosema, hata ikiwa bamvua.

Mamako,
Mwanamwema