Fundi wa Kesho

Lozells, Uingereza, Alhamisi, Januari 2018

Na mimi ndiye niliyewatambia watu msikitini kwamba Waingereza wenyewe huniuliza Kiingereza!

Leo jirani yangu Mama Halima kaniomba nipigie simu ofisi inayompangisha nyumba. Boila ya kupasha nyumba joto imekufa, baridi inamtesa. "Wewe mwanangu ndiye unayewaweza," akasema.

Ikapokea mashine. Ikataka niseme shida yangu. Nikasema, "Boila." Ikauliza kama nimesema parking. Nikarudia kwa sauti, nikabana na pua kama wao. Parking tena! Halafu ikakata.

Mama ananitazama. Nikaendelea kuongea na simu iliyokwisha kukatika: "Yes, sir. Tomorrow. Thank you, my friend."

"Si nilijua? Wanakuogopa hao!" Akaniombea dua ndefu.

Sasa hivi kanitumia sauti kwenye simu: "Mwanangu, ile hita ya umeme niliyoazima kwa jirani Amina nimeshamrudishia, maana fundi anakuja kesho. Hivi Mzungu anakunywa chai ya tangawizi?"

Hita yangu inawaka hapa miguuni.

Naichomoa, nampelekea. Nitamwambia fundi ndiye aliyeniagiza nimletee...

Hapana. Nitamwambia mashine haikunielewa.