Waya Wako wa Kuanikia Nguo

Buswelu, Mwanza
Jumatano, baada ya chai ya saa nne

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Domina,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa heshima na taadhima nakuamkia kutoka sebuleni, kwenye kiti kile kile, nikiwa nimevaa koti, maana hukupenda niandike barua nikiwa na fulana. Natumaini u mzima wa afya. Naomba radhi kwa sentensi hiyo. Kalamu imeiandika yenyewe kabla sijaizuia, kama tulivyofundishwa misheni, na nimeona nisiifute, kwa sababu karatasi ni safi na wewe hupendi barua iliyochafuliwa. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na jogoo wako, ambaye tangu uondoke hataki kuwika mpaka ahakikishe nimelala tena.

Naomba radhi pia kwa kuchelewa kukuandikia. Ni miezi kumi na moja tangu tukusindikize Misungwi. Nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara niliishia kukulalamikia kuhusu chumvi, kwani hukuniachia kipimo chake. Zaidi ya hapo sikuwa na jambo la maana la kukueleza. Sasa ninalo, wala si la kunipa sifa. Nimekuja kuungama, na kwa kuwa ungamo lenyewe ni la kihandisi, nakuomba univumilie nilieleze kwa utaratibu.

Unaukumbuka mnara wa tangi? Samahani, hilo ni swali la kipuuzi. Hukuusahau hata siku moja. Niliuchora mwenyewe, kwa penseli ngumu na rula zangu za kiwandani, mwaka niliostaafu uchoraji katika kiwanda cha pamba. Miguu minne ya vyuma vya pembe, vile mafundi wanavyoviita engo, na juu yake lita elfu mbili za maji, yaani tani mbili kamili. Ubavuni, kushoto na kulia, niliweka vyuma vya mshazari. Mbele na nyuma sikuweka, ili pabaki wazi kama mlango na ndoo zipite. Chini ya mchoro nilipiga kisanduku, nikaandika Amechora, nikatia sahihi, kisha Amekagua, nikatia sahihi tena, kwa kuwa sikuona mwingine wa kukagua.

Wewe uliutazama mara moja, mikono kiunoni. Ukasema, "Baba Domina, hata lango la zizi la baba yangu lina mti wa mshazari." Nami nikakujibu, Mungu anisamehe, "Mama Domina, huu ni mnara, si zizi."

Tangu siku ile hukupita mbele yake. Kutoka jikoni kwenda bombani ni hatua nane. Wewe ulizunguka nyuma ya jiwe kubwa, hatua ishirini na sita, kwa miaka kumi na tisa. Nilizihesabu, nikidhani nahesabu ukaidi wako.

Kisha ukafunga ule waya. Nilirudi kutoka mazoezi ya kwaya nikaukuta: waya mnene kama kidole cha mtoto, umetoka juu ya mguu wa upande wa jikoni ukashuka kiupandeupande hadi chini ya mguu wa upande wa jiwe, ukauziba mlango wangu wote. Ukasema ni wa kuanikia nguo. Mama Domina, nani anaanika nguo kwenye mteremko? Kila shuka ulilotundika liliteleza hadi chini, na ifikapo saa sita nguo zote zilikuwa zimejikusanya kwenye jiwe kama kondoo walioona fisi. Nilikufungia kamba nzuri, iliyonyooka, niliyoipima kwa pima maji. Ulinishukuru sana, ukaanika soksi zangu tu. Wageni walipokuja niliwaambia mke wangu anaanika kwa kuteremsha. Walicheka, nawe ulicheka, na kila mara ulikuwa wa mwisho kunyamaza. Sasa naomba ukumbuke kicheko hicho, maana nitakirudia.

Mwezi ujao ni misa yako ya mwaka. Padri atasimama barazani, na kwaya itakaa kwenye mabenchi kati ya mnara na jikoni, kwa sababu hakuna kivuli kingine. Niliona si heshima kumwimbia marehemu kando ya waya wa nguo. Aidha nilitaka viti vipite. Nikaazima mkasi wa kukatia vyuma, nikapanga kuukata waya wako siku ya Alhamisi. Hilo ndilo ungamo langu la kwanza. Mkasi ulikuwa tayari umelazwa juu ya meza, umepakwa mafuta.

Jumatatu ya wiki ile Veronika wa Domina akaja likizo. Yuko mwaka wa tatu wa uhandisi. Bado ananiita mume wangu na wewe anakuita mke mwenza, na alipofika tu alikagua kabati akidai kwamba mke mwenza wake amemwachia urithi wa kanga. Amepewa kazi ya chuo: atafute kitu kilichosimama, akipigie hesabu kinavyosimama. Nilimpa mnara. Nilimpa na mchoro wenyewe, nikiwa nimeupangusa vumbi.

Hesabu hiyo ina jina refu la Kiingereza ambalo ameliandika nyuma ya kalenda ya parokia. Mimi naiita hesabu ya vipande. Kitu kizima kisichohesabika unakikata kuwa vipande vidogo vinavyohesabika. Chuma kimoja kilichonyooka ni kipande kimoja. Kila kipande kina ugumu wake, yaani kiasi kinavyokataa kurefushwa au kufupishwa. Vipande vinakutana kwenye vifundo. Ugumu wa vyote unapangwa katika jedwali moja lenye safu kama daftari la mahudhurio. Kisha unaiambia kompyuta ni vifundo gani vimefungwa ardhini na mzigo una uzito gani, nayo inakuambia kila kifundo kitasogea kiasi gani. Nilifurahi mno. Nilijiona nimezaliwa mapema.

Tulianza na uso wa mbele. Veronika akauliza kama aingize na waya. Nikamwambia huo ni ufuaji wa bibi yako, si sehemu ya jengo, na isitoshe Alhamisi haupo. Akauacha. Akabonyeza.

Kompyuta ikakataa.

Haikusema mnara ni dhaifu, hilo ningelivumilia. Ilikataa kujibu. Veronika aliyasoma maandishi mekundu mara mbili, akasema kwa upole ambao ulinitia hofu, "Mume wangu, inasema kitu hiki hakina jibu. Hakisimami." Nikamwomba aiarifu, kwa heshima zote, kwamba kimesimama miaka kumi na tisa na ninaweza kuleta mashahidi. Akasema haipokei mashahidi. Nikauliza kama ameiandikia vizuri, kwa maana hata karani wa kiwanda chetu alikuwa hajibu barua isiyo na salamu. Alicheka mpaka akashika meza. Nami nilikwenda kukaa barazani nikiwa nimeudhika, na nakiri kwamba sikunywa chai aliyoniletea, kisha niliinywa ikiwa imepoa ili asione.

Alinifuata na boksi la biskuti na kikapu chako cha kushonea. Alikata vipande vinne vya boksi, akaviunga kwa pini kwenye pembe, ukawa mraba. Akaniambia niusukume juu kwa kidole. Nikausukuma. Mama Domina, ulilala wote. Haukunyanyuka upande wala kupinda. Ulilala tu kama mtu aliyerudi kutoka kilabuni. Hakuna kipande kilichorefuka wala kufupika, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichokataa. Ndicho kompyuta ilichokuwa inasema. Kisha akachukua uzi wako mweusi, akaufunga kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Mraba ukawa pembetatu mbili. Nikasukuma tena. Haukwenda.

Nilisukuma mara kadhaa. Nilikuwa natazama uzi, na nilikuwa natazama uani, na sikutaka kuunganisha hayo mawili.

Veronika alirudi ndani bila kuniuliza, akauingiza waya kama kipande kimoja zaidi, na kompyuta ikajibu mara moja, kwa adabu, vifundo vyote na safu zote. Upande wa jiwe mnara hauna pa kuangukia, ila upande wa jikoni hakuna kingine kinachouzuia. Alinieleza kwamba kuchomelewa kwenye pembe kunasaidia kidogo, lakini si msaada wa kuutegemea tani mbili zikiwa juu ya kichwa cha mke mwenza wake. Na upepo wa ziwa unaposhuka wakati wa masika, tangi likijaa, unaoulinda mnara wangu usilale juu ya jikoni ni waya wako wa nguo.

Na kwenye mabenchi, siku ya misa, ingekuwa kwaya yote. Nilirudisha mkasi siku hiyo hiyo. Mwenye mkasi aliuliza kama nimemaliza kazi; nikamwambia karibu nimalize.

Lakini mhandisi akishaanza hatulii. Aliona waya wako umeshikwa chini na bamba dogo la chuma lenye tundu. Bamba si kipande kilichonyooka, hivyo linakatwa pembetatu ndogondogo, na kila pembetatu inahesabiwa peke yake. Alianza na pembetatu ishirini, kubwa kama sambusa za sokoni. Akasema ni kubwa mno, akazikata, akazikata tena, na kila alipokata jibu lilisogea kidogo, mpaka zilipokuwa kama sambusa za kulisha sisimizi, jibu likatulia. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea bamba zima la buluu, na pembeni mwa tundu, upande ulioliwa na kutu, alama nyekundu. Bamba limechoka. Halingefika masika mengine.

Ndipo akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza. Alisema, "Mume wangu, mtu anayefunga waya wa nguo hufunga fundo. Nani alichomelea bamba na kuweka skrubu ya kukazia?"

Tulimwita fundi Masalu wa Igoma, yule aliyechomelea mnara wenyewe. Alipoinama akaliona bamba, aliondoa kofia na akabaki anatazama ndala zake. Nilimwambia awe huru. Akasema, "Mzee, Mama alinileta ukiwa kwaya. Aliniambia, Baba Domina akiuliza, sema ni waya wa nguo. Akijua ni wa mnara atahuzunika."

Kila mwaka baada ya masika alikuja kuukaza. Nilimkuta hapa mara nyingi, nami nilidhani anafuata viazi vyako. Nilimpa chai, na nilimhutubia juu ya umuhimu wa kuanika kwenye kamba iliyonyooka. Alinisikiliza yote, huku bisibisi imo mfukoni.

Mama Domina, sijui niandikeje hapa. Miaka kumi na tisa ulitundika mashuka mahali yasipokaa, ukaokota kilichoteleza, ukachekwa na wageni, ukacheka nao, ili mimi niendelee kuamini kwamba nimekagua. Nilidhani nakutania. Kumbe

Samahani. Nimekwenda kufunga bomba.

Sasa naripoti yaliyobadilika. Masalu ameweka vyuma vya mshazari mbele na nyuma, na kompyuta inajibu hata bila waya. Alitaka kuutoa, kwa kuwa hauna kazi tena. Nilimwambia una kazi, aweke bamba jipya aukaze. Jana nilianika juu yake mashuka yangu. Yaliteleza yote. Niliyaokota, nikayarudisha juu, yakateleza, na Veronika alikuwa dirishani akiniuliza kama mume wake anaanika kwa kuteremsha. Nilicheka, na nilijitahidi kuwa wa mwisho kunyamaza, lakini hilo ulilijua wewe tu.

Kupita mbele ya mnara sasa ni salama kwa hesabu. Hata hivyo nazunguka nyuma ya jiwe. Hatua ishirini na sita si nyingi, na goti halijalalamika.

Nimetoa mchoro wa zamani kwenye bomba lake la kuhifadhia. Penye Amechora nimeacha sahihi yangu, kwa kuwa kosa ni langu. Penye Amekagua nimefuta kwa kifutio cha penseli, polepole ili nisitoboe karatasi, nikaandika jina lako lote, la ubatizo na la baba yako mwenye lango la zizi. Nakuahidi kwamba siku ya misa, padri akinipa nafasi ya kushukuru, nitausimamisha mchoro huo mbele ya kwaya na kueleza kwa mpangilio nani alishika tangi. Nitakuwa mfupi. Samahani, nitajaribu kuwa mfupi.

Pumzika vizuri, mke wangu. Ukinikasirikia, kasirika, nina haki ya kupewa walau wiki moja ya kutosemeshwa.

Mimi mumeo, mwenye kujutia na kushukuru,
Baba Domina

Barua hii anaibeba fundi Masalu, anayekuja Misungwi Jumamosi kuweka msalaba wa chuma juu ya kaburi lako, wenye vipande vinne vya mshazari kwenye pembe, kwa mchoro wangu na ukaguzi wa Veronika. Nilikuwa na watu wengine wa kuwatuma. Nimemchagua yeye kwa sababu imethibitika kwamba akipewa neno lako, analitunza miaka kumi na tisa bila kulidondosha.