Babu Lai, Mwaka Mzima Wanagombania Kwenu

Mwaka umetimia, Babu, tangu ulipotuacha. Siku ya kwanza uliponichukua hapa London kwenda kula na Wachina wenzako, nilichokiona kwanza ni mabirika ya chai. Meza ya dirishani ilikuwa na lake, meza ya karibu na jiko ilikuwa na lake, na hakuna aliyemmiminia mtu wa meza ya pili. Wewe tu ulisimama na kikombe chako, ukanywa kote kote. Nikakuuliza kulikoni. Ukasema, "Hawa Wahakka, wale Wakantoni. Wote Wachina, lakini kila watu na lugha yao na chama chao. Wewe kunywa chai, mjukuu wangu, wacha watu na yao."

Tunaikumbuka mikono yako. Ulikata bata miaka thelathini katika majiko ya watu, na hata ulipostaafu hukupita Jumamosi bila kumpelekea Jaspal, jirani yetu hapa Lewisham, maandazi uliyoyakaanga mwenyewe. Mimi nilikuja kutoka Unguja kukutunza, shule nimeiachia darasa la tano, naona haya hata kumuuliza mtu njia. Hukunicheka. Ulinifundisha kusoma majina ya stesheni, moja moja, mpaka nikaweza kwenda peke yangu.

Ulinihadithia ulivyopata kazi ya kwanza London. Mpishi mkuu, Mkantoni, alikuuliza, "Kwenu wapi?" Baba yako alikuwa Mhakka, lakini ulijua kuwa Mhakka haajiriwi jiko lile. Ukamjibu kwa Kikantoni cha mama yako, ukataja kijiji cha wajomba zako. Kihakka ukakificha miaka kumi na moja. Uongo ule mdogo wa kutafutia riziki ndio unaotutesa leo.

Desturi ya Wachina, jiwe la kaburi huandikwa jina la marehemu na kwao alikotoka. Mchonga mawe anasubiri mstari mmoja tu. Mzee Chung wa chama cha Wahakka na Mzee Lau wa chama cha Wakantoni wamekuja nyumbani mara nne. Wanagombana kwa Kiingereza, maana kila mmoja anakataa kusema lugha ya mwenzake. Mjomba Ian, mwanao aliyezaliwa hapa, ananitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Mtoto hufuata baba," alisema Mzee Chung. "Huyu ni wetu."

Mzee Lau akacheka. "Miaka yote amekula supu yetu na kusema kama sisi. Leo amekufa ndiyo amekuwa Mhakka?"

"Alisema kama nyinyi kwa sababu mlango mliufunga nyinyi!"

Mjomba akachoka, akawaambia waandike lolote. Hawakuandika lolote. Mpaka leo juu yako pana kijiti chenye namba, kama mche wa bustanini. Inaudhi, Babu. Wazee wazima wanakuvuta huku na huku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wewe mwenyewe ulitakaje.

Lakini niliyemkasirikia zaidi ni mimi. Vikao vyote vinne nilikuwepo. Nilikaa karibu na mlango, nikaangalia zulia.

Unakumbukwa na watoto wako, mama yangu Agatha aliyeko Unguja na Ian wa hapa London. Na Jaspal jirani yako. Na mimi mjukuu wako, Blandina. Maisha yetu yote hututoki moyoni.

Na sasa naomba Mjomba Ian awasomee wazee wote wawili haya yaliyobaki, kwa Kiingereza, polepole. Wiki yako ya mwisho hospitali, nikikukata kucha, ulinishika mkono ukasema, "Hawa watanigombania. China mimi sijafika hata siku moja. Nilizaliwa Mkunazini, nikapendwa Mkunazini. Waandike hivyo." Uliniambia mimi peke yangu, na mimi nikanyamaza mwaka mzima. Nisamehe, Babu. Kwenu ni Mkunazini, Unguja.