Uzi Usiopumzika

Jumatatu, 3 Machi
Mimi nimezaliwa na nyota kali, tusidanganyane. Mashine ikifa, nikiigusa tu — inakohoa, inaamka! Shule niliiachia njiani, lakini nani anashika ufunguo wa chumba cha seva cha hospitali nzima? Na ile saa kwenye skrini ya ukumbi wa wagonjwa, sekunde zinateleza kama zimepakwa mafuta — kazi ya nani? Haya!

Ila seva, hiyo kompyuta mama, imekuwa kobe. Majibu ya maabara yanafika wodini baada ya dakika saba. Mkuu wa hospitali kamwambia Mama Misimbo, mwandishi wa programu yetu: mpaka Ijumaa, ama irekebike ama aondoke. Dada wa watu ana mapacha! Kaingia chooni, katoka amenawa uso.

Nikamwambia, mdogo wangu, mimi nipo.

Jumatano, 5 Machi
Mama Misimbo kaleta skripti, programu ndogo ya kupeleleza. Ndani ya mashine kuna nyuzi — kazi ndogondogo, prosesa, ubongo wa mashine, inazipa zamu: toka wewe, ingia wewe. Skripti inahesabu kila zamu inapobadilishwa. Tukaiwasha. Namba zikamwagika kama siafu!

Uzi mmoja — zamu laki nne kwa dakika! Unaingia, hauna la kufanya, unatoka, umerudi. Mgeni asiye na haya. Jina hauna, namba tu.

"Huyu nani tena, kaka?"

Nikaitazama ile namba. Nikageuzia skrini upande wangu.

"Niachie. Nyota yangu itanionyesha."

Akacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 6 Machi
USHINDI! Amri moja, uzi chali. Majibu ya maabara — sekunde tisa! Muuguzi mkuu kanipigia makofi mbele za watu. Dereva wa ambulensi sasa ananiita Profesa. Mama Misimbo kanishika mikono yote miwili: kaka, umeniokoa, wanangu watakuombea. Nikatembea kama nimeinunua hospitali.

Saa ya ukumbini imesimama. Saa nne na dakika kumi. Mfagiaji kauliza, nikamwambia umeme.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu hajatosheka. Anataka kujua ule uzi aliuweka nani. Mama Misimbo yuko ndani tangu saa tatu. Sauti ya mkuu inapenya mlango: programu ni yako, nani mwingine? Yeye anajibu taratibu, hajui. Na kweli hajui! Mimi nipo kwenye benchi nje, daftari magotini.

Dereva kapita: "Profesa! Nyota inasemaje leo?"

Nikainamia daftari.

Programu ya ile saa ya ukumbini ilikuja na mstari wa kuiambia ilale kidogo kati ya sekunde na sekunde. Niliufuta. Nilitaka iteleze; tangu hapo uzi wake haulali.

Nimegonga mlango. Mkuu: "Subiri!"

Nimegonga tena.

Nyota sina. Sijawahi kuwa nayo. Uzi ule ni wangu, na niliujua tangu Jumatano.