Kiazi cha Fundi Mutua

Fundi Mutua,

Ungeniona nikikuandikia ungenicheka. "Akinyi, maliza hiyo geti, wacha maneno mingi." Geti tulimaliza. Lile la bluu, ulilokufa ukiliacha nusu.

Kibanda chetu cha kuchomelea vyuma hapa Kawangware bado kipo. Miwani yako ya kazi inaning'inia kwenye msumari, hakuna anayeigusa. Wenzetu wanasema ina virusi. Kila nikiiona hasira hunipanda. Hasira kwako, Fundi, wacha nikuambie ukweli.

Ulikuwa umeambiwa. Nilikuwa nimeketi kando yako daktari aliposema kile kijinyama kilichoota kwenye weupe wa jicho ni saratani, si moto wa kuchomelea. Alisema jua huchangia, na kwamba kuna virusi vinavyoshukiwa, ingawa wataalamu bado hawajakubaliana. Ila ukimwi unajulikana kuukuza uvimbe huo haraka, kwa hivyo alitaka upimwe damu. Ukasimama. "Kwani huyu ananiona aje? Mimi ni mtu wa kanisa. Hii ni moto ya welding. Twende unikatie waru."

Nikakukatia. Kipande kibichi cha kiazi juu ya kope, kama tufanyavyo sote macho yakiwaka baada ya kazi. Kiazi kilikupoza, kijinyama kikaendelea kukua mpaka jicho likakataa kufunga, na mwisho kikakumaliza.

Mke wako, Mama Kyalo, alipimwa baada ya kukuzika. Ana virusi vya ukimwi. Anameza dawa, ameanza kunenepa, na amerudi kuuza mboga pale Soweto West. Hata wewe ungekuwa unanenepa sasa, mke wako akikutania juu ya tumbo. Inaniuma, Fundi. Inaniuma sana.

Sasa sikia. Kuna kitu kwenye jicho langu la kushoto, karibu na ule weusi. Kadogo tu. Wenzetu walipokaona, wakanikatia kiazi kabla sijaomba. Nilikishika kile kipande nikakukumbuka, nikalia mbele yao wote.

Nilienda kwa daktari yule yule. Amekitoa, amekipeleka maabara, na damu nimetolewa. Majibu ni kesho. Naogopa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na wewe ndiye ningekuambia.

Miwani yako nimeiosha. Nitaivaa mimi.

Pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi kwamba kesho, waseme watakalosema, sitainuka kwenye kile kiti kabla hawajamaliza. Na kile kiazi nilienda nacho nyumbani, nikakipika, nikakila.

Akinyi