Bisikiti Anajikuna

Jumatatu, 12 Januari

Nimefagia uani, nimebadilisha nyasi za kobayi, nimeweka chai motoni. Bisikiti anajikuna. Kobayi, hivi visungura vyangu vya masikio mafupi, wamefika kumi na wanne, wanakimbizana chini ya meza ya jikoni. Kwetu Butembo jiko ndilo nyumba yao, na hapa Bunia nilikohamia sikubadili. Anajikuna tena. Tumbo jekundu, kwapa hazina manyoya. Mbwa mwenyewe anaenea kwenye kikapu cha sokoni. Akiendelea hivi yatabaki masikio tu.

Binti yangu Kahindo anakuja tarehe saba Februari na mtoto. Mjukuu wangu wa kwanza! Nina furaha. Nina wasiwasi pia, sijui wa nini.

Alhamisi, 15 Januari

Sasa najua. Kahindo amepiga simu kutoka Nia-Nia. Mama Furaha, jirani yangu, amempasha habari zote. Mdomo wake ule!

"Mama, ile imbwa itoke mbele nifike. Siwezi lalisha mutoto mu nyumba ya upele."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kumjibu.

Bisikiti aliletwa na marehemu baba yake Kahindo, ndani ya koti, mwaka wake wa mwisho. Kumtoa siwezi. Kumkosa mjukuu siwezi. Nimezunguka nyumba siku nzima bila kumaliza kazi hata moja.

Jumamosi, 17 Januari

Mama Furaha amekuja na chupa. Mafuta machafu ya pikipiki, yale anayomwaga fundi akibadilisha. "Pakala ile, upele itakufa."

Nimempaka mgongo mzima. Amelia. Nimemwosha mara tatu kwa sabuni na bado ananuka gereji. Namkasirikia Mama Furaha, lakini mkono uliopaka ni wangu.

Jumapili, 18 Januari

Sikwenda kanisani. Nimemwekea nyasi mpya karibu na mafiga, nyingi, laini, apumzishe ngozi. Amejilaza humo na kobayi wawili. Nimeona raha kidogo.

Jumanne, 20 Januari

Vibaya zaidi. Ametafuna miguu mpaka damu. Nimembeba kwa daktari wa mifugo. Amemkwangua ngozi, ameangalia. Wadudu hakuna. Habari ya mafuta imemkasirisha sana, na ni haki yake.

"Haiko upele, mama. Ni alerji. Iko kitu mu nyumba ao inje inamusumbua. Weye utafute. Na ya kumaliza kabisa hakuna, utachunga tu."

Amempa vidonge vya siku chache. Kutafuta nini? Wapi? Nilitaka dawa, nimepewa kazi.

Ijumaa, 23 Januari

Ni vumbi. Lazima ni vumbi. Kiangazi hiki pikipiki zikipita hata sahani zinakuwa nyekundu. Namwaga maji uani asubuhi na jioni. Nimefua blanketi lake. Nimebadilisha sabuni.

Jumatatu, 26 Januari

Vidonge vimeisha, amerudi palepale. Najikuna na mimi sasa. Hakuna kinachoniwasha, ni roho tu. Siku kumi na mbili zimebaki.

Ijumaa, 30 Januari

Nimerudi kutoka kwenye matanga, siku tatu. Bisikiti nilimwacha kwa Mama Furaha.

Wekundu wa tumbo lake umefifia. Kidonda cha mguu kimekauka. Nimemshika, nimemgeuza, nimemgeuza tena. Hajikuni!

Nimeuliza amempa nini. Hakuna. Ugali na dagaa, kama kwangu. Barabara ni ileile, vumbi ni lilelile.

Saa moja baada ya kuingia jikoni kwangu, ameanza.

Jumamosi, 31 Januari

Mama Furaha ni mtu wa huku, watu wa ng'ombe. Kobayi hafugi, anawaita panya wangu. Jikoni kwake chini ni saruji tupu.

Nyasi. Ni nyasi tangu mwanzo. Na nilimtandikia mimi, kwa huruma, nikampapasa kichwa. Nimelia nikiwa na fagio mkononi. Mjinga mimi.

Jumatano, 4 Februari

Kobayi wamehamia nyuma ya nyumba, kibanda cha mbao, kufuli kubwa. Jiko nimelisugua kwa maji na sabuni mpaka kwenye pembe. Nikitoka kuwakatia nyasi, navua kitenge mlangoni. Bisikiti akitoka nje, akirudi nampangusa miguu kwa kitambaa chenye maji, asiingie na nyasi. Minne yote. Jumamosi anaoga.

Jiko limenyamaza. Silipendi hivi. Nikidondosha ganda la ndizi, linabaki palepale.

Jumamosi, 7 Februari

Wamefika. Mtoto ana paji la babu yake. Kahindo alimpindua Bisikiti kabla ya kunywa maji, akatazama tumbo. Nimemweleza yote: si upele, mtoto haambukizwi, na haitaisha, inachungwa. Nimemwonyesha kitambaa. Amefunga mlango wa chumba, Bisikiti akabaki nje yake. Sijui kesho ataniambia nini.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani nimesimama wakati watu wamekaa. Mawazo yalikuwa nyumbani.

Nimerudi. Kimya. Mtoto amelala, Kahindo amelala kando yake, mlango wa chumba wazi. Bisikiti kwenye saruji, kizingitini, anakoroma. Nimemshika miguu, bado ina maji.

Kitambaa kimetundikwa kwenye msumari, kinadondosha maji. Asubuhi nilikiacha kikavu.