Mpira Ulisogea, Barasa

Rafiki yangu Barasa,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomzika mtu ni kudhani kwamba kumwongezea sifa ni kumheshimu. Wanampa cheo kikubwa kidogo kuliko alichokuwa nacho, safari moja ambayo hakusafiri, na kwa kuwa hawezi kuinuka akakataa, wanahesabu kwamba amekubali. Nami nimelifanya kosa hilo. Nimelifanya kwa sauti yangu mwenyewe, kipaza sauti mkononi, mbele ya jeneza lako kule Bahati.

Nina hasira. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kulia. Nilikwisha kulia.

Mwanao Titus alinipa wasifu wako dakika chache kabla ya ibada, ukiwa umeshachapishwa, na picha yako ya kofia nyeupe juu. Nilianza vizuri. Ulizaliwa kwenye nyumba za reli, baba yako akiwa fundi wa injini. Ulianza kama kedi, kubebea watu begi la gofu, ukiwa darasa la saba. Ukawa mchezaji wa kulipwa, ukawafundisha nusu ya wakubwa wa mji huu kushika fimbo. Kisha nikaona mstari uliosema kwamba ulikuwa miongoni mwa Wakenya wachache waliocheza yale mashindano makuu ya ng'ambo, yale ambayo dunia nzima huyatazama kwenye televisheni. Niliuona kabla sijaufikia. Nilikuwa na nafasi ya kuuruka. Mimi, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na minne, niliyewakata watoto wa watu alama kwa nukta iliyokosewa, nikausoma. Watu wakapiga makofi. Naomi mkeo peke yake ndiye ambaye hakupiga.

Hukucheza kule. Najua, kwa sababu ndimi niliyekubebea begi siku uliyokosa.

Nieleze kidogo, maana nataka barua hii isomwe na wasioujua mchezo. Katika gofu anayeshinda ni mwenye mapigo machache. Mtu asiye na jina kubwa hawezi kuingia tu kwenye mashindano yale. Hupitia mchujo, na mchujo wako ulikuwa Afrika Kusini. Uwanja ni mpana, na hakuna refa wa kumfuata kila mchezaji nyuma. Ukiugusa mpira kwa bahati mbaya ukasogea, wewe mwenyewe ndiwe unayesema, na unajiongezea pigo moja. Usiposema, hakuna anayejua.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaja nawe. "Kedi amebebewa begi na mwalimu," ulisema, "mwisho wa dunia umekaribia." Ulipoambiwa kwamba majani yale marefu ya pembeni yanaitwa Kikuyu hata huko, ulicheka mpaka ukashika goti. "Mwalimu, hata huku jamaa zako wamefika kabla yetu!"

Na ni majani hayo yaliyokumaliza. Yalikuwa yamebaki mashimo mawili tu mchujo uishe. Mpira wako ulikuwa umekaa juu ya majani kama yai kwenye kiota. Ukaweka fimbo nyuma yake, polepole, nao ukazama upana wa ukucha. Wenzako walikuwa mbali, wakitafuta mpira wa mmoja wao. Ukanitazama.

"Umesogea."

Nikakuambia, na aibu yake ninayo mpaka leo, "Nani ameona?"

"Si mimi nimeona?"

Ukainua mkono, ukamwita aliyekuwa akiandika kadi yako ya mapigo. Jioni ukakosa nafasi kwa pigo moja.

Tuliporudi nyumbani, Nakuru haikukuacha kwa mzaha. Kwa kinyozi walikuuliza, "Barasa, hebu sema ukweli, hata hapo kwa kiti umesogea?" Makedi walikuamkia, "Niaje mzee, mpira umesogea?" Mzee mmoja wa kanisa alikuvuta pembeni, tena kwa upole: "Ndugu, si ungefumba macho kidogo tu?" Nawe uliwajibu wote sawa: "Ulisogea, boss. Mimi nifanye nini?"

Miaka ikapita, mzaha ukaisha, na kisa chenyewe kikaisha pamoja nao. Hapo ndipo ninapokukasirikia wewe. Kila mwaka, siku zile nne za mashindano, ulikuja sebuleni kwangu Kiamunyi, chai na viazi vitamu mezani, ukanieleza upepo kabla mtangazaji hajauona. Titus alipokuwa mdogo alikuuliza mbele yangu, "Baba, si wewe ulienda huko?" Ukasema, "Nilikaribia." Basi. Neno moja, kisha ukarudi kwenye chai yako. Ulimwachia mtoto nafasi tupu, naye ameijaza. Ulikuwa na jambo bora la kumrithisha kuliko shamba, ukalinyamazia kama ugonjwa wa aibu!

Mwaka huu nilitazama peke yangu. Siku ya pili nikazima. Kila mchezaji aliyeingia kwenye majani marefu nilimkodolea macho vidoleni, sikuona mchezo.

Wiki iliyopita nikamwendea Titus, kwa sababu nimesikia mstari ule utachongwa kwenye jiwe la kaburi, na klabu nayo inataka kuuandika kwenye ubao ukumbini. Akanikaribisha vizuri. Akanisikiliza nilipomwambia kwamba ulikosa kwa pigo moja. Kisha akasema, "Mwalimu, si alikosa na pigo moja tu? Hiyo ni kama tu alicheza."

Nikamwambia si kama.

"Sasa nani ataenda kuangalia? Wacha mzee alale na heshima yake."

Nilimpigia kelele, Barasa. Nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Nikaondoka bila kumaliza chai, naye akabaki akifikiri mzee fulani anagombania pigo moja tu. Sikumweleza, mimi ambaye maisha yangu yote nimelipwa kueleza. Acha nieleze sasa.

Kama ulicheza kule, basi ulipita mchujo. Kama ulipita, pigo lile halikuongezwa. Kama halikuongezwa, basi mpira haukusogea, au ulisogea ukanyamaza. Hakuna jibu la tatu. Jiwe lile litasema kwa herufi za dhahabu kwamba wewe ni mtu aliyenyamaza, na watu watapita wakikusifu. Ulichopata siku ile ni kitu kimoja tu, nacho ndicho wanachokupora. Nami niliwashikia mlango.

Nimeomba nafasi kanisani Jumapili, baada ya matangazo. Naomi amesema atakaa mbele. Nitawaambia watu wale wale kwamba niliwasomea uongo nikijua ni uongo, kisha nitawasimulia mchujo wote, pamoja na swali langu la kijinga. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Lala, ndugu yangu. Sitakuongezea kitu tena, wala sitakubali upunguziwe.

Sina njia ya kukufikishia karatasi hii, kwa hiyo naiweka mkononi mwa mwanao. Titus, unisamehe zile kelele. Fundi ameniambia anaanza kuchonga kesho asubuhi. Mpigie simu leo, umwambie mstari huo usichongwe.